Kichochoro cha Nyuma ya Msikiti

Nilikuwa ninapigilia kigingi cha nne Makandi, mkazi wa kichochoro hicho, alipotoka nje na sufuria mkononi.

"Fundi, hivyo ni vya nini?"

"Ni vya ukuta, mama. Kamati ikikubali Alhamisi, kichochoro hiki kinafungwa. Tutajenga vibanda vya soko."

"Na sisi tupite wapi?"

"Barabara kubwa. Tulihesabu. Kwa saa mbili walipita watu tisa tu."

"Mlihesabu lini?"

"Ijumaa, saa sita hadi saa nane."

Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Akamwita Bundi, mwenye bucha ya jirani. "Njoo usikie! Wametuhesabu saa ya swala ya Ijumaa, watu wote wako msikitini!"

"Labda walikuwa wanahesabu paka," Bundi alisema bila kuacha kunoa kisu.

Mimi ni Mmethodisti wa Laare. Ijumaa kwetu ni siku ya kuchuma miraa kama siku nyingine. Nilikuwa nimeuona msikiti, hata nimeuchora kwenye ramani, lakini sikuuliza.

Makandi aliacha kucheka. "Mama yangu haoni. Anakuja kwangu peke yake kila siku, ameshika ukuta huu. Barabara kubwa ina bodaboda. Mkifunga hapa, mmemfungia ndani."

Sikubishana, wala sikumwahidi kitu. Nilimpigia mkubwa wangu, Munyi, nikamweleza kosa langu. Akajibu, "Lete hesabu ya siku tatu, mchana kutwa. Siku moja haitabadilisha ramani."

Ilikuwa Jumatatu. Makandi alinipa kigoda, nikaanza saa mbili asubuhi.

"Mimi niandike mara mbili," alisema mwanamke mmoja mnene aliyebeba maji. "Unaniona nilivyo."

Saa nne alikuja mama mzee, mkono wake wa kushoto ukiteleza ukutani. Alipofika kwenye kigingi cha pili, mguu wake uligonga. Akasimama.

"Nani ameweka mti hapa?"

"Ni mimi, nyanya."

"Mwana wa nani?"

"Wa Mutembei, wa Laare."

"Mwana wa Mutembei, utoe. Huku napita mimi."

Niliung'oa, na vile vitatu vingine pia. Alingoja mpaka nikamaliza, akaendelea hadi mlangoni kwa Makandi, akaingia bila kupapasa. Nikamwandika.

Kufikia saa kumi na mbili jioni nilikuwa na watu mia mbili na kumi na sita. Makandi alichungulia daftari.

"Basi tumepona?"

"Bado. Hii ni siku ya kwanza."

"Kesho usije saa mbili. Wa madrasa na wa shule wanapita kumi na mbili na nusu, utawakosa wote."

Niligeuza ukurasa mpya, nikaandika juu yake: Jumanne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.