Rozari Ndani ya Pindo la Msabato

Kaka yangu Gibson ni mzee wa kanisa la Wasabato kule Nyansiongo, na siku nilipoolewa na Mkatoliki wa Nyamache alinifungia lango. Nilipofungua kibanda cha rozari na medali mjini Kisii, akatangaza mbele ya watu kwamba muuza sanamu hatakanyaga kwake. Mama alikuwapo, na alinyamaza. Gibson sikumshangaa, tangu utotoni ana mdomo wa kuhukumu. Ule ukimya wa mama ndio niliobeba miaka yote.

Kwa hiyo Gibson aliponipigia simu mwenyewe, wiki ambayo mama alifariki, nilijua amebanwa.

Emily, mke wake, alikuwa ameenda mochari kumvalisha mama, akakuta rozari imeshonewa ndani ya pindo la petikoti yake. Mama yetu Bitutu, aliyebatizwa Msabato mwaka alioolewa, 1972, na ambaye hakuwahi kuvaa hata pete! Mjomba Obwocha, ndugu yake mama, Mkatoliki mwenye kelele nyingi kuliko sala, aliposikia akapandwa na mori. Dada yake alikuwa Mkatoliki kwa siri, alisema, na padre ndiye atakayemzika.

Yeye na Gibson walitukanana siku mbili, kisha wakakubaliana. Rozari ikiwa ya kabla ya ndoa, ni kitu cha usichana tu, na Gibson ataendesha mazishi. Ikiwa ya baadaye, basi mama aliitafuta akiwa Msabato, na padre atakuja. Kujua umri wa vitu hivyo ndiyo kazi yangu, nanunua rozari mbovu za watu, navunja, naunga upya.

"Na nikizika mimi," Gibson akaniambia kwenye simu, "wewe hutaweka udongo kaburini. Nakuambia mapema usije ukalia."

Hapo hapo nilifunga kibanda. Nilikuwa naenda kumshinda.

Hawo, anayeuza vitambaa mkabala na kibanda changu, alinipeleka kwa gari lake. Ni Muislamu, na aliwahi kununua rozari kwangu, akidai ni ya mteja wake. Nilimtania mpaka akachoka, nikimuuliza ubatizo ni lini. Siku hiyo njiani hakusema neno. Nilidhani anaheshimu msiba.

Tulikuta viti vimepangwa uani, upande huu Wasabato, upande ule ukoo wa mama. Hakuna aliyenipa mkono. Kwa sababu Hawo hajui Kikisii, watu walijilazimisha kusema Kiswahili, na Kiswahili cha Gibson akiwa na hasira kinachekesha, ila sikucheka.

"Hakuna haja ya mambo mingi," alisema, akiinyanyua rozari kwa ncha za vidole kana kwamba itamchafua, medali yake ikining'inia. "Hii kitu ina mwaka. Soma hapa chini ya miguu ya huyo mwanamke. 1830. Ni ya nyanya za nyanya zetu. Imeisha!"

"Kabla ya mkoloni kufika Gusii?" nikamuuliza. "Nani aliileta, kunguru?"

Upande wa Mjomba Obwocha ukaangua kicheko. Nikatoa kioo changu cha kukuzia, na nakiri nilifanya polepole makusudi, ili Gibson atokwe na jasho.

"Huo ndio mwaka mtawa mmoja alipotokewa na Mama Maria kule Paris," nikasema. "Kila medali ya aina hii ina mwaka huo, hata iliyogongwa juzi. Mzee wa kanisa umesoma namba, hukusoma kitu." Nikaigeuza. "Hii ni alumini ya mashine, na ubavuni imeandikwa Italia. Na msalaba, tazameni mabega yake yalivyoinama. Umeigwa kutoka fimbo ya Papa, na fimbo hiyo haikuwa imejulikana huku wakati mama akiwa msichana. Shanga ni mbao za mzeituni, wanaleta mahujaji kutoka Bethlehemu. Hii rozari si ya mwaka sabini na mbili. Ni changa."

"Padre aitwe!" Mjomba Obwocha akasimama. "Si nilisema? Dada yangu alisali mpaka kufa!"

Gibson alibadilika rangi. Nilimtazama vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeingoja sura hiyo tangu lango lile lifungwe. Raha niliyosikia sitaki kuificha.

Kisha kidole changu kikagusa kiungo cha katikati, pale medali inaposhikana na shanga.

Waya wa shaba ulikuwa umezungushwa mara tatu, ncha ikapigwa kwa ndani isichome ngozi. Hakuna kiwanda kinachofunga hivyo. Hakuna mtu Kisii nzima anayefunga hivyo, ila mimi.

Niliinua macho nikamtafuta Hawo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama yako alinikataza kukuambia," alisema. "Alikuwa anakuja siku za soko, anakaa nyuma ya vitambaa vyangu anakutazama ukifanya kazi. Akaniuliza kama naweza kumletea kitu ulichofunga kwa mkono wako. Chochote, alisema."

Nikarudisha kioo machoni, nikatazama kile nilichopaswa kutazama tangu mwanzo. Shanga za mzeituni hunywa mafuta ya vidole, mtu akizisali mwaka mmoja tu zinakuwa nyeusi na laini. Hizi zilikuwa bado nyeupe na kavu. Msalaba haukuwa umebusiwa, ulikuwa mkali kingo zote. Palipong'aa ni mahali pamoja tu, kwenye kile kiungo changu, shaba imesuguliwa mpaka ikawa nyekundu.

"Emily," nikamwita wifi yangu. "Lile pindo, lilikuwa limeshonwa lote?"

"Hapana. Kulikuwa na kitundu. Cha kuingia kidole gumba."

Ningenyamaza, ningeshinda. Maneno niliyokwisha kusema yalikuwa kweli, na padre alikuwa umbali wa simu moja. Lakini nikisema mama alikuwa anasali, nampa Papa kile ambacho mama alinipa mimi. Na Mjomba Obwocha, ambaye naye hakuwahi kunitembelea, angekifanyia mahubiri.

"Hakuisali," nikasema. "Hata mara moja. Mama alikufa Msabato. Alikuwa anashika kazi yangu, basi."

"Mjinga wewe!" Mjomba akanifokea. "Umemuuza dada yangu!"

Gibson alipumua, na sura yake ya mzee wa kanisa ikarudi mahali pake. Nilitazamia walau neno moja. "Basi ni pambo," alisema. "Litolewe. Na nilichosema kuhusu udongo kiko pale pale."

"Mungu akulipe sawasawa na roho yako," nikamjibu, nikampa Emily ile rozari, nikaondoka.

Siku ya mazishi nilisimama nje ya ua, kwenye majani chai ya jirani, na Hawo kando yangu. Nyimbo zilitufikia, na baadaye sauti ya Gibson kwenye kipaza sauti. Alihubiri muda mrefu juu ya mama yake, mwanamke ambaye tangu ubatizo mwili wake haukuguswa na pambo lolote la dunia.

Emily alitoka akaja hadi kwenye ua. Hakunisalimu, aliogopa kuonekana. Alijifanya anafunga leso vizuri, akasema haraka haraka bila kunitazama.

"Nimeishonea palepale," alisema. "Kile kitundu sikukiziba."

Akarudi ndani kumsikiliza mume wake.