Saa Kumi na Mbili ya Mchana Kweupe

Usiku wa jana niliota ninabishana na muhuri.

Alikuwa muhuri wa ofisi ya michezo ya chuo chetu, mwenye mpini wa mbao, naye alikaa juu ya ubao wa matangazo amekunja nne, ingawa ana mguu mmoja tu. Chini yake palibandikwa tangazo ambalo hata nikiwa macho limeninyima amani: "Mbio za kilomita kumi zitaanza Jumamosi saa 12:00." Wakimbiaji sitini walilisoma kama ambavyo angelisoma yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili, saa kumi na mbili, wakajizoeza mwezi mzima kukimbia katika ubaridi wa alfajiri. Juzi ndipo ofisi ilipofafanua kwamba hiyo ni saa ya Kizungu. Maana yake ni saa sita mchana, hapa Dodoma, mwezi wa Novemba, kwa kuwa mgeni rasmi hawezi kufika mapema.

Niliandika barua. Nilieleza kwamba Nyamizi, ninayeishi naye chumba kimoja, ametoka kuugua malaria wiki mbili tu zilizopita, na kwamba mwili uliozoezwa alfajiri hauanikwi juani adhuhuri kama shuka. Barua ilirudi imegongwa neno moja: IMEONEKANA.

"Imeonekana maana yake nini?" nilimuuliza muhuri.

"Maana yake imeonekana."

"Imeonekana na nani?"

"Dada, hilo ni swali la barua nyingine."

Akaruka chini, ubao wa matangazo ukafunguka kama mlango, na mara tuko uwanjani.

Ni saa sita kamili. Kipaza sauti kinakohoa, kisha kinasoma kanuni za usalama. "Kanuni ya kwanza: kila mkimbiaji anywe maji kabla ya Kiu."

Kiu amesimama mbele kabisa ya foleni. Ni mzee mwembamba mwenye suti ya kijivu. "Mimi nimelala hapa," anasema. "Nani mwingine amelala hapa? Basi nifuateni." Anakunywa ndoo nzima, taratibu, anapangusa midomo kwa leso, kisha anajipanga upya, mbele vilevile.

"Kanuni ya pili: anayechoka apumzike kivulini."

Uwanja hauna hata mti mmoja. "Kivuli kipi?" ninauliza.

"Kila mtu amekuja na chake," kinajibu kipaza sauti.

Tunatazama chini. Kivuli changu kimejikunja chini ya soli za viatu, upana wake kama kisosi. Wakimbiaji sitini wanachuchumaa, kila mmoja akijaribu kuingia kwenye kisosi chake. Hakuna anayecheka. Mimi ninakasirika kiasi kwamba meno yananiuma.

Firimbi inalia. Nyamizi anapita mara ya kwanza akitiririka jasho. Anapita mara ya pili, na jasho limekauka. Mara ya tatu vinyweleo vya mikono yake vimesimama.

"Siku," ananiambia, kwa maana mimi ni Sikudhani, "nitafutie khanga. Nasikia baridi."

Nilihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza. Ninajua kwamba mtu anayesikia baridi katikati ya jua kali hahitaji khanga; anahitaji kusimamishwa papo hapo, kupelekwa kivulini na kumwagiwa maji. Ninamshika. Anasimama; miguu yake inaendelea hatua chache, kisha inarudi kumchukua.

Ninakimbilia kwenye turubai la wageni. Juu ya meza kuu kuna katoni za maji baridi, na nyuma ya meza ameketi mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni Jua. Amevaa miwani myeusi, na watu wawili wanampepea.

"Jamani, hapa pana joto," analalamika.

"Mheshimiwa, joto ni wewe."

"Hizo sasa ni siasa."

"Naomba chupa mbili. Kuna mgonjwa."

"Maji haya ni ya meza kuu," zinajibu chupa zote kwa pamoja.

"Watu sitini wako juani, na Jua mwenyewe amekaa kivulini!" Ninasikia sauti yangu ikipanda. "Tangazo limeandikwa kwa Kiswahili! Saa kumi na mbili ni alfajiri! Lisomeni kwa Kiswahili!"

Katoni zinashtuka na kufunguka zenyewe. Ninabeba ninachoweza. Ninamlaza Nyamizi chini, ninammwagia maji shingoni na kwapani, lakini Jua ametoka nje ya turubai kutazama. Basi ninavua viatu, ninashika ukingo wa kivuli changu na kukibandua chini ya soli kama plasta. Kikivutwa kinatanuka. Ninamfunika nacho.

Muhuri anakuja akirukaruka. "Kivuli hakihamishwi bila kibali."

"Basi kigonge."

"Kwa utaratibu gani?"

"Kigonge!"

Anakigonga, pale begani, kwa kishindo kilichoniamsha.

Taa ya chumba ilikuwa inawaka. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, alfajiri ya Jumamosi, na Nyamizi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, anafunga kamba za viatu.

"Umenipigia kelele mpaka basi," alisema. "Lisomeni kwa Kiswahili, lisomeni kwa Kiswahili! Nikaona, mbona huyu kasema kweli? Nimelituma neno hilo kwenye kundi la wakimbiaji. Wote wako njiani. Tunaanza saa kumi na mbili, kama tangazo linavyosema."

"Na mgeni rasmi?"

"Akija saa sita atatukuta tumeshaoga."

"Na wewe unakwenda kukimbia, na malaria yako?"

"Mimi leo nagawa maji, mama. Usinitolee macho."

Alisimama, akainua dumu la maji. Ukutani, nyuma yake, viliinuka vivuli viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa kirefu kumzidi, na begani kilikuwa na kiduara cheupe, ukubwa wa muhuri.

Niliinua mkono wangu mbele ya taa. Ukuta ulibaki mweupe.