Makumbusho Yaliyokuja Kuposa Jumamosi

Usiku wa kuamkia leo niliota makumbusho matatu yamekuja nyumbani kwetu, Mbagala, kuposa Jumamosi.

Nieleze kwanza, maana nisipoeleza mtadhani nina homa. Baba yangu, Mzee Shomvi, ana presha ya macho. Daktari amesema kuona kwake kutakwisha, pengine kabla ya mvua za vuli, na hakuna dawa ya kurudisha uwezo huo. Kwa hiyo tukaamua Jumamosi hii tumtoe pamoja na wanangu wawili, tumpeleke mjini akatazame makumbusho angali anaona. Sasa siku ni moja, makumbusho ni mengi. Mdogo wangu Kibwana anataka ya reli. Shangazi Pili, dada yake Baba, anataka ya nyumba za asili. Mimi, Tunu, ndiye mpangaji wa kila kitu katika ukoo huu, na wiki nzima nimeshindwa kupanga. Nililala nimenuna.

Basi katika ndoto hodi ikapigwa.

Nafungua mlango. Makumbusho yamevua ngazi zao barazani, yamezipanga vizuri kama viatu, yanaingia peku. Ya kwanza, yale makubwa ya mifupa ya wanyama, yenye ghorofa mbili na nguzo nene, yanajikunja yanakaa mkekani. Ya reli yanaegemea kabati la vyombo, yanatoa moshi kidogo kidogo, kwa adabu. Ya nyumba za asili yanaomba radhi kwa makuti yanayodondoka.

Mshenga alikuwa mmoja kwa wote watatu, nadhani kwa kubana matumizi. Ulikuwa ubavu wa nyangumi, umevaa kanzu na kofia ya kutarizi.

"Tulikuwa tunapita," ubavu ukasema, "tukaona humu ndani kuna ua."

"Maua yapo mengi," Shangazi Pili akajibu bila kupepesa. "Mmetamani lipi?"

"Jumamosi."

Shangazi akajitanda vizuri khanga yake. "Jumamosi yetu tumeilea kwa taabu. Mtaitunzaje?"

"Kwetu hakuna kinachooza. Hakuna kinachochakaa wala kufifia. Tukipokea, tumehifadhi."

Niliona hilo ni jibu la watu wa maana. Hata Kibwana, ambaye hakubali kitu, aliguna akasema wanaeleweka.

"Basi aulizwe mwari," Shangazi akasema, na kabla sijageuka nikafunikwa khanga kichwani. Kumbe mwari ni mimi! Mimi, mama wa watoto wawili, nimefunikwa gubigubi sebuleni kwangu.

"Mwenye nguzo amekuja kukuposa. Unamkubali?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nalinganisha. Kwa mwenye nguzo kuna mifupa mikubwa lakini ni mbali na kituo cha basi, na ya reli yako jirani nacho.

"Mwenye nguzo. Unamkubali?"

Nikanyamaza tena. Nilikuwa nafikiria chakula cha mchana.

Mara ya tatu nilifungua mdomo niseme ngojeni kwanza, lakini Shangazi alikwisha kupiga kigelegele. "Kanyamaza! Kakubali!" Mimi mwenyewe nimehudhuria posa ngapi, najua kabisa kimya cha mwari ni ndiyo, na bado nilinyamaza. Ya reli na ya asili yakavaa ngazi zao yakaondoka yakisonya.

Nikaondoa khanga usoni. Sebule haipo. Tumo ndani ya bwana harusi.

Jamani, ukumbi ule! Paa liko juu sana, mawingu yanapita chini yake na mahali fulani mvua inanyesha. Mifupa ya mnyama ambaye sijui jina lake inapiga magoti kutupisha. Ngoma zinaanza kulia kabla mkono haujazigusa, halafu mkono unakuja baadaye, taratibu, unazigusa. Kwenye ukuta kuna ramani ya nchi, na Rufiji inatiririka kweli, viboko wanazama na kuibuka, maji yanatudondokea miguuni. Wanangu, Saumu na Nasoro, wamekaa kimya. Hawajawahi kukaa kimya tangu wazaliwe.

Baba alifundisha Jiografia miaka yake yote. Alisimama mbele ya mto ule akavua miwani.

"Naona," akasema.

"Unaona nini, Baba?"

"Naona vyote. Yule kiboko ana kovu sikioni." Akageuka akanitazama mimi. Sijui nilisahau lini kutazamwa hivyo. "Tunu. Umeota mvi lini?"

Nililia pale pale, sikujificha. Baba yangu alikuwa anaona mvi zangu.

Ubavu wa nyangumi ukakohoa. "Muda wa kufunga umefika. Wageni tokeni."

Tukaenda mlangoni. Mimi, Kibwana, Shangazi, watoto. Nageuka nimshike Baba mkono, nagusa kioo. Baba yuko upande wa pili, amekalishwa kwenye kiti kizuri, na chini yake pameandikwa: MWALIMU. USIGUSE.

"Fungueni," nikasema.

"Tumehifadhi," ubavu ukajibu. "Ndivyo tulivyokubaliana. Humo macho yake hayatafifia kamwe. Nje atapofuka. Wewe unataka lipi?"

Mungu anisamehe, nilisita. Nilimtazama Baba anavyosoma maandishi madogo ya ukuta wa mbali, midomo inacheza kwa furaha, na nilisita.

Halafu akatutafuta. Akaona tumesimama mlangoni na viatu tayari. Furaha ikamtoka usoni yote.

"Sikukubali!" nikapiga kelele. "Nilinyamaza tu!"

"Kimya cha mwari ni ndiyo. Mila ni zenu, si zetu."

"Kimya cha mwari, sawa! Lakini mwari si mimi!" Na nilipolisema nikalielewa, nikaona aibu mpaka miguuni. "Jumamosi ni yake. Wiki nzima tunabishana, mimi, Kibwana, Shangazi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe."

Mto ukasimama, kiboko mdomo wazi. Nguzo zikatazamana.

"Ameulizwa asiye mwari," ubavu ukasema polepole. Ukavua kofia. "Posa hii imeharibika. Fedheha kubwa. Aulizwe anayestahili."

Khanga ikashuka kutoka mawinguni ikamfunika Baba kichwani. Shangazi Pili akasogea kwenye kioo. "Kaka. Mwenye nguzo anataka ukae. Utaona daima. Unakubali?"

Niliogopa angenyamaza. Baba ni mtu wa kunyamaza, hasa akihisi anatusumbua.

Aliivuta ile khanga akaitupa. "Nione nini?" akapaza sauti, maana kioo kilikuwa kinene na tulimsikia kwa mbali. "Migongo yenu mkiondoka? Mito naijua, nimeichora ubaoni maisha yangu yote! Nipelekeni popote wajukuu zangu watakaposhangaa. Wawekeni mbele yangu. Nataka nizikariri nyuso zao!"

Nikaweka kiganja kwenye kioo, naye akaweka chake. Kioo kilikuwa baridi, halafu hakikuwepo.

Nikaamka, mto wa kulalia umelowa. Kulikuwa kumekucha, Ijumaa. Sikunawa hata uso. Nilimkuta Baba barazani, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama anavyofanya siku hizi asije akakikosa.

"Shikamoo, Baba."

Akaitikia kwa kichwa tu. Nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Baba, hatujakuuliza wewe. Kesho unataka kwenda wapi?"

Akacheka. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, inakwaruza.

"Mara ngapi, mwanangu? Si nimeshakujibu," akasema. "Na unene wote ule wa kioo, koo limeniisha kwa kupiga kelele. Hebu niongezee chai."