Mlingoti wa Kushoto

Kila Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa saba mchana, watu wanne huketi sebuleni kwangu hapa Holmquist, Nebraska, kutazama mchezo wa mpira wa Kimarekani ambao matokeo yake tunayajua tangu mwaka 1988. Tulishinda 24 kwa 22. Hakuna mwaka tumewahi kufungwa. Duane, mume wangu, hutia kanda ya video ya mchezo huo kwenye mashine ambayo siku hizi hata fundi wa kuitengeneza hapatikani. Merle wa nyumba ya pili huleta mikate ya mdalasini, na mimi hupika sufuria ya maharage na nyama ya kusaga, yenye pilipili ya kumtoa mtu kamasi. Shemeji yangu Lavern, aliyemwoa marehemu dada yangu Bonita, huleta koti lake zito kuliko yote.

Koti ni la kukalia nje. Robo ya tatu ikiisha, Lavern huinuka, hulivaa, hutoka barazani na kufunga mlango. Hukaa huko robo nzima ya nne kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwa dirisha, mpaka atusikie tukishangilia. Ndipo huingia akisugua mikono na kuuliza kama tumeshinda, nasi tunamwambia tumeshinda. Kwa miaka thelathini na moja Lavern hajauona mkwaju ule wa mwisho uliotupa ushindi.

Siku yenyewe, tarehe mosi Januari, Nyati wa chuo chetu walikuwa nyuma 19 kwa sifuri mpaka mwisho wa robo ya tatu. Lilikuwa Bakuli la Malimau, moja ya michezo mikubwa ya kufunga msimu inayoitwa mabakuli, huko Florida, na vijana wetu walicheza kama waliolazimishwa kuyala hayo malimau. Lavern akatoka barazani kuvuta sigara. Kabla hajaimaliza tukafunga, 19 kwa 7. Akaingia mbio ili atazame marudio. Papo hapo tukanyang'anywa mpira, wakatuongezea tatu, 22 kwa 7. Nikamwonyesha mlango.

“Toka, Lavern.”

“Shemeji, nje kuna baridi ya kuua mtu.”

“Ndiyo maana una koti. Toka.”

Hakubisha. Watu wa kwetu tunabishana na mchungaji, na daktari, na redio ikitangaza bei ya mahindi, lakini kwa mambo ya bahati hatubishani. Kiti kilicholeta ushindi hakihamishwi, na soksi zilizoleta ushindi hazifuliwi. Lavern akatoka, tukafunga, 22 kwa 14. Tukafunga tena, 22 kwa 21. Bonita akampitishia blanketi na kikombe cha kahawa kwenye upenyo wa mlango, mkono tu, asije akachungulia. Zikabaki sekunde nne. Mpigaji wetu, Rudy Havlat, mtoto wa wafuga ng'ombe, akasimama yadi arobaini na saba kutoka kwenye milingoti miwili ya goli; mpira ukipita kati yake ni alama tatu. Akaupiga, na mpira ukapita katikati, juu, bila wasiwasi wowote. Angepewa mchana kutwa wa kujaribu asingeupitisha vizuri zaidi.

Lavern akaingia. Blanketi kichwani, kope zina barafu, ncha ya sikio la kushoto imekuwa nyeupe kama mshumaa. Ncha hiyo ilikufa, haipo mpaka leo. Duane alikuwa analia, Merle amepiga magoti kwenye zulia.

“Ilikuwaje?” Lavern akaniuliza. “Mkwaju ulikuwaje?”

Sasa utamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba ulipita katikati, basi, hamna la kusimulia? Mimi ndiye niliyemtoa. Niliona haya.

“Uligonga mlingoti wa kushoto,” nikamwambia. “Ukalia ngaa, ukaingia.”

Bonita alinitazama, akatazama sikio la mume wake, hakusema kitu. Duane na Merle nao wakanyamaza. Ilionekana ni zawadi ndogo tu, ya jioni moja.

Ila Lavern ana kipaji, na hilo sikulifikiria. Kesho yake alikwenda kwenye ghala la nafaka, ambako wanaume wa hapa hunywa kahawa asubuhi, akawasimulia. Alisimulia baridi, blanketi, ukimya, halafu ngaa. Watu waliouona mkwaju kwa macho yao wenyewe majumbani kwao walimsikiliza yule ambaye hakuuona, wakatikisa vichwa. Kufika mwaka wa tano walianza kuukumbuka mlio. Kufika mwaka wa kumi, mwenye duka la vyuma alikuwa anaapa kwamba yeye alikuwa uwanjani, na kwamba mlingoti ulitikisika mpaka dakika tatu baadaye. Huyu bwana hajawahi kufika Florida.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko barabara ya kwenda Omaha.

Mwaka uliofuata Duane aliposema tuitazame kanda sote pamoja, nikajua uongo wangu utaumbuka. Robo ya tatu ilipoisha nikamwambia Lavern, “Nje. Bahati haichezewi.” Wakacheka, naye akacheka, akatoka. Mzaha ukawa desturi, desturi ikawa sheria, na hakuna aliyejua kwamba sheria ile ilikuwa inanilinda mimi. Lavern mwenyewe aliishika kuliko sisi. Mjukuu wake alipotaka kumwonyesha mkwaju kwenye simu, alifumba macho na kumwambia aondoe hilo lidude, atatuletea mkosi. Bonita akaugua, akafa mwaka 2014. Januari iliyofuata Lavern alikuja vilevile na koti lake, akatoka nje, akaingia, akauliza kama tumeshinda.

Mwaka huu alikuja bila koti.

Alikula maharage yake kwanza. Kisha akaweka kijiko chini na kutuambia kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Daktari wa mjini amempa mpaka kiangazi. Ugonjwa unakula katikati ya jicho na kuacha pembeni, kwa hiyo akitaka kukuona hugeuza uso upande kama kuku.

“Nataka niuone,” alisema. “Mara moja. Halafu basi.”

Duane akashughulika na mkate wake. Merle ndiye aliyeanza, maana Merle ana miaka sabini na tisa na hajawahi kujizuia kuanza.

“Lavern, ndugu yangu, pole sana kwa macho. Lakini Jumatatu tunacheza.”

Ilikuwa kweli. Nyati walikuwa wamefika kwenye bakuli kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

“Huu mchezo ulishachezwa, Merle,” Duane akasema. “Rudy Havlat ana wajukuu.”

“Najua ulishachezwa. Sijasema haukuchezwa. Nasema miaka yote amekaa nje na miaka yote umepita. Sasa wewe unataka kugusa?”

“Kwa hiyo akikaa ndani hautapita?”

“Mimi sijui. Wewe unajua?”

Duane akafikiri. Naapa alifikiri kweli, mtu mzima aliyefundisha hesabu shuleni miaka thelathini.

Lavern hakubishana nao. Alinigeuzia mimi shavu lake, maana yake ananitazama. “Shemeji, wewe ndiye uliyenitoa. Wewe ndiye wa kuniambia nikae.”

Niliogopa. Sitaki kujipamba hapa. Nilikuwa nimebakiza miezi michache tu na macho yake yangefunga jambo hili bila mtu kujua. Ningesema neno moja, bahati, naye angeinuka na kutoka hata bila koti, kwa sababu ananiamini. Nilimtazama na sikio lake lile bovu, nikajiona mtu mdogo sana.

“Kaa,” nikasema.

Merle akapiga ulimi. Akainuka kwa shida, goti lake baya likilia, akachukua kofia na koti la Duane kwenye msumari.

“Unakwenda wapi wewe mzee?” Duane akamuuliza.

“Lazima mtu awe nje,” alisema, akatoka, akafunga mlango. Tukamwona dirishani akikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwetu.

Robo ya nne ikaanza. Lavern alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni, akaugeuza uso ukutani ili auone mchezo kwa pembe ya jicho. Ajabu ni kwamba kukaa vile kulimfanya aelekee kwangu moja kwa moja, kwa hiyo kila jambo lililotokea uwanjani nililiona usoni pake. Tulipofunga la kwanza alicheka kidogo. La pili alikunja ngumi. Alikuwa hajui! Alijua alama zote, hata sekunde, lakini hakujua mpira ulirushwa upande gani na nani aliudaka, akawa anashtuka kama kijana.

Zikabaki sekunde nne, Rudy Havlat akapimapima hatua zake. Lavern akaacha kupumua. Mpira ukapaa, ukapita katikati, juu, ukateremkia kwa watazamaji.

Hatukushangilia. Merle huko nje akagonga dirisha kuuliza vipi.

“Haukugonga,” Lavern alisema.

“Haukugonga,” nikamjibu.

“Labda sijaona vizuri. Rudisha, Duane.”

Duane akarudisha. Ukapita katikati. Akarudisha tena, ukapita palepale.

“Nilikudanganya,” nikamwambia. “Sikio lako lilikuwa limeganda na nilikuwa sina la kukupa. Halafu ukaenda kusimulia, na nikawa nakutoa kila mwaka ili usiuone. Haikuwa bahati, Lavern. Ilikuwa mimi.”

Niliyatarajia matusi, na ningeyapokea. Alichouliza kilikuwa kingine.

“Bonita alikuwa humu ndani.”

“Alikuwa humu.”

“Aliona.”

“Aliona, ndiyo.”

“Miaka ishirini na sita,” Lavern alisema. “Kila nikisimulia, nikifika kwenye ngaa, yule mwanamke alikuwa ananishika goti. Nilidhani ni kwa raha ya hadithi.” Akafuta uso kwa kiganja. “Alikuwa ananihurumia au alikuwa ananicheka?”

“Vyote viwili,” Duane akasema. “Ndivyo alivyokuwa.”

Hilo lilimfanya acheke, kisha akalia, na mimi nikalia, na Merle akaingia amejaa theluji akatukuta hivyo. Akauliza kama tumefungwa. Lavern alimwambia anyamaze, akamwambia Duane arudishe. Tuliutazama mkwaju ule mara kumi na moja. Mara ya mwisho alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

Jumatatu Nyati walipigwa 41 kwa 10. Merle alinipigia simu mchezo ukiwa bado unaendelea, akasema, “Umeona?” akakata.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa na vikombe vya kahawa. Mchungaji alikuwa na mgeni, kijana wa seminari kutoka Ohio, akataka asikie habari za mchezo wa 1988. Hakuna aliyejisumbua. Wote waligeuka kumtazama Lavern, kama kawaida, wakavuta viti. Mwenye duka la vyuma alishaanza kutabasamu.

Lavern akasimulia. Baridi, blanketi, kahawa ya Bonita kwenye upenyo wa mlango, sekunde nne. Watu wakanyamaza kungoja ngaa.

“Ukapita katikati,” Lavern akasema. “Juu, katikati kabisa. Haukugusa kitu.”

Kisha mwenye duka la vyuma akamwekea mkono begani. “Mzee Lavern. Mlingoti wa kushoto. Umesahau?”

“Sijasahau. Nimeuona juzi kwa jicho langu.”

Walitazamana. Nani asiyejua habari za macho yake? Tangu Krismasi jina lake lilikuwa kwenye orodha ya maombi. Mama mmoja akanong'ona, “Masikini,” kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, na mgeni akaangalia viatu vyake. Uso wa Lavern ukapoteza rangi. Kwa miaka thelathini na moja walimwamini kwa jambo ambalo hakuliona.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama ukumbini.

“Anasema kweli,” nikasema. “Ulipita katikati. Mlingoti niliutunga mimi, sebuleni kwangu, kwa sababu nilimtoa mtu nje akaganda. Kama kuna wa kuchekwa ni mimi.”

Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Walinitazama kwa upole mkubwa, wote, kama unavyomtazama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Mke wa mchungaji alinikumbatia, akaniambia sikioni kwamba mimi ni shemeji mwema sana kumkinga hivyo, na kwamba Bonita huko aliko anafurahi. Mwenye duka la vyuma akamgeukia mgeni, akaanza kumsimulia upya, taratibu, mkono wake ukichora njia ya mpira mpaka kwenye mlingoti wa kushoto.

Nilikaa chini. Nilitaka kulia kwa hasira. Ukweli wenyewe nilikuwa nimeutoa hadharani, na hakuna mtu aliyeutaka.

“Waambie tena,” nikamwambia Lavern. “Au twende tukailete kanda.”

Aligeuza uso upande ili anione. Hakuwa na hasira.

“Waache, shemeji,” alisema. “Mimi nimeuona.”