Uzi wa Mapana

Kabla mkasi haujagusa kitambaa cha gobori, fundi cherehani yule alikuwa akikichoma kwanza. Huchomoa uzi mmoja pindoni, huushika kwa kibano, huuwasha kwa kibiriti juu ya kifuniko cha bati, halafu hutulia kuutazama. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, ukatoa harufu ya jani kavu na jivu jepesi la kupeperuka ukilipuliza. Uzi wa nailoni hujikunja kama mdudu, ukadondosha tone jeusi ambalo huganda na kuwa gumu. Kitambaa cha namna hiyo hakikatwi, hata kiwe kizuri kama wingu.

Somo hilo alipewa na marehemu baba yake, mwenye gobori lenyewe. Bunduki ile ya kizamani hulishwa kwa mdomoni: unamimina baruti mtutuni, juu yake unaweka goroli ya risasi iliyovishwa kiraka kidogo cha kitambaa, halafu unashindilia kwa mdeki mpaka chini. "Kiraka ndicho kinachoikumbatia risasi," mzee alikuwa akisema. "Kikiwa cha pamba, kinatoka nayo na kuzimika. Kikiwa cha nailoni, kinayeyuka humo ndani na kuacha kinata chenye moto. Unamimina baruti nyingine, na uso wako uko pale pale juu ya mtutu. Basi." Akisema basi, huinua mkono wa kushoto uliobaki na vidole vitatu. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Mzee alipofariki, gobori lilirithiwa na mjukuu wake wa kike, binti wa fundi cherehani, kwa kibali na karatasi zote. Kazi yake ni fundi umeme. Kwenye chama cha walenga shabaha walimwita Msumari, maana risasi zake zilizoea kugonga pale pale. Goroli alizisubu mwenyewe nyuma ya nyumba, akiyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, na mama yake akisimama mlangoni akitoa amri.

"Sufuria hiyo isirudi jikoni kwangu! Risasi ni sumu."

"Mama, nimeiandika kwa rangi nyekundu."

"Na upepo unakuendea usoni. Hama upande. Umekausha kalibu? Tone moja tu la maji na hiyo risasi itakurukia machoni."

"Mama nawe! Ungepelekwa vitani ungeuliza kama maadui wamenawa mikono."

"Ningeuliza. Na wewe ungenishukuru."

Goroli zilikuwa za binti. Viraka vilikuwa vya mama. Alivikata vya duara kwa kufuata kifuniko cha kopo la dawa, akavipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, akavifunga ishirini ishirini kwenye vifuko vya kitambaa. Kila kifuko alikishonea mshono mmoja wa uzi mwekundu pembeni. Miaka saba sasa, chama kizima hakikutumia viraka vingine. Watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakija dirishani kwake na kuuliza, "Fundi, vile vya mshono mwekundu vipo?" Naye hujibu bila kuinua uso kwenye cherehani, "Vipo," na ndani ya kifua chake kitu hucheza ngoma.

Wiki ya mashindano pamba ilimwishia. Muuza vitambaa akamletea jora jipya, jeupe, lililosukwa vizuri hata mwanga haupenyi. Fundi alilipitisha kidoleni na kulipenda papo hapo. Mezani zilimngoja sare kumi na nne za wanafunzi, na mabega yalikuwa yakimuuma. Alichomoa uzi mmoja, ule wa urefu, kwa kuwa ndio uliokuwa umechungulia pindoni. Akauchoma. Jivu. Safi.

Siku zote alikuwa akichoma miwili, wa urefu na wa mapana. Siku hiyo alijiambia kwamba vidole vyake havijawahi kumdanganya. Akakata viraka mia mbili, vya chama kizima.

Asubuhi ya mashindano Msumari aliondoka mapema, gobori ndani ya mfuko wake, vifuko vya mshono mwekundu begani. Nafasi ilikuwa moja tu: atakayeongoza siku hiyo ndiye angekiwakilisha chama kwenye mashindano makubwa, na haijawahi kwenda kwa mwanamke.

"Niombee, mama."

"Nakuombea tangu tumboni. Usiinamie mtutu."

Alipobaki peke yake, mama alichukua kipande kilichosalia cha lile jora ili amshonee binti yake leso ya kufutia jasho. Akakikunja pindo, akakiwekea pasi.

Pasi ikanata.

Aliinua pasi haraka. Kitambaa kiling'ang'ania chuma, kikatoa harufu anayoijua kila fundi cherehani aliyewahi kuunguza gauni la mtu. Alisimama na pasi mkononi kama aliyesahau njia. Kisha akachomoa uzi wa mapana, akauwasha. Ukajikunja. Ukalia. Ukadondosha tone jeusi juu ya kifuniko cha bati.

Urefu pamba, mapana nailoni.

Alipiga simu. Haikupatikana, sheria ya uwanja ni simu zote kuzimwa. Alipiga ya msimamizi, vilevile. Akachomoa waya wa pasi, akatoka na aproni yake kiunoni, mkasi ukining'inia shingoni kwa kamba, mguu mmoja kandambili ya bluu na mwingine ya kijani. Dereva wa pikipiki alimuuliza anakwenda wapi, akamjibu, "Mbele!"

Njiani akawaza mambo mawili, la pili likamtia aibu. La kwanza lilikuwa uso wa mwanawe. La pili lilikuwa sauti ndogo iliyomwambia: mwite pembeni, mnong'oneze, avitupe kimya kimya. Wengine nao utawaambia kesho. Miaka saba ya jina zuri, utaimwaga kwa dakika moja? Lakini wengine nao wana mama. Na wahenga hawakusema uongo: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwenye kamba ya kuingilia uwanjani alisimama msimamizi, mzee mmoja mkali waliyembandika jina la Bwana Subiri kwa kuwa neno hilo ndilo lililomtoka kinywani mara nyingi zaidi.

"Subiri!" akasema, mkono juu. "Watu wako kwenye mstari."

"Shikamoo mzee, leo sisubiri. Wasimamishe."

"Marahaba, lakini mwanao ndiye anaongoza! Risasi ya kwanza kagonga katikati kabisa. Unataka kumharibia?"

Kwa mbali aliwaona sita kwenye mstari, kila mmoja na gobori lake limesimama wima. Msumari alikuwa wa tatu. Alishapima baruti kwenye kipimo chake cha pembe, na mkono wake ulikuwa ukipanda kuelekea mdomo wa mtutu.

Mama hakuwahi kujua kwamba ana sauti kubwa kiasi kile. "Msimimine! Viraka vyangu ni vibovu! Msimimine baruti, viraka vyangu ni vibovu!"

Mikono sita ilisimama hewani. Bwana Subiri, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alilisema neno lake mahali pake: "Subiri! Baruti chini! Wote!"

Msumari alikuja huku uso umemwiva. "Mama, jamani. Kweli leo? Mbele za watu?"

Nyuma yake akafuata mpinzani wake mkubwa, dereva wa lori mwenye kitambi na maneno mengi. "Mama Mshono Mwekundu," akacheka, "mbona unajitukana mwenyewe? Mimi ndio nimeanza kulenga vizuri. Au umeona nitamshinda mtoto wako?"

"Ungekuwa umemshinda ningekupigia makofi," mama akamjibu. "Njooni wote. Kwanza tuondoke hapa kwenye baruti."

Akawaongoza hatua hamsini nzima, na mmoja alipotaka kusimama njiani akamrudi kama mtoto. Nyuma ya chumba cha ofisi alichomoa uzi wa urefu kwenye kiraka kikavu alichokuja nacho, akauchoma. Jivu. "Huu ndio niliouchoma mimi." Akachomoa wa mapana. Tone jeusi likadondoka. "Na huu ndio niliouacha. Nilichoka, na nilijiamini. Kosa si la muuza kitambaa wala la mtu mwingine yeyote. Ni langu."

Dereva wa lori hakucheka tena. Lakini akasema, "Mbona risasi ya kwanza imetoka salama?"

Bwana Subiri alirudi kwenye mstari, wote wakimfuata, akachukua gobori la Msumari, akauelekeza mtutu mbali na watu na kuingiza mdeki uliofungwa kitambaa chenye maji. Akausukuma mpaka chini, akauzungusha, akauvuta. Kitambaa kilitoka na donge jeusi linalonata kama lami, na juu yake kulikuwa na moshi mwembamba, mwembamba sana, kama wa utambi uliozimwa sasa hivi.

Msumari alilitazama lile donge. Kisha akatazama kipimo cha baruti alichokuwa amekiweka mezani, kimejaa. Alikaa chini kwenye nyasi bila kuchagua mahali.

"Mama," akasema, sauti imepungua.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mama akasema, akifungua kamba za aproni yake. "Simama. Mashindano hayajaisha."

Ilikuwa aproni ya pamba nene, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio. Aliwapeleka tena nyuma ya ofisi, akachoma uzi wa urefu, akachoma wa mapana, mbele ya macho ya wote: jivu, na jivu. Akageuza kopo la mtu kuwa kipimo, akakata. Sita wote walipata, dereva wa lori akipewa vya mfukoni, palipokuwa na kitambaa kizuri kuliko pote.

"Nta sina," mama akasema.

"Babu alifanyaje nta ikimwishia?" Msumari akauliza, ingawa alijua.

"Alitia mdomoni."

Msumari akatia kiraka mdomoni, akakilowesha kwa mate. "Kina chumvi ya jasho lako," akasema, na mstari mzima ukacheka, Bwana Subiri naye akiwemo, ingawa baadaye alikana. Mitutu yote sita ikasafishwa mara tatu, kisha ikakaushwa, na mashindano yakaanza upya, risasi ya kwanza ikifutwa kwa kila mtu. Ile ya katikati kabisa ya Msumari nayo ikaenda.

Hakulalamika. Alipiga tano, akavaa uso mtulivu wa babu yake zote tano. Jioni karatasi za shabaha zilipopangwa mezani, matundu yake matano yangefunikwa kwa kifuniko kimoja cha kopo la dawa. Ya dereva wa lori yalihitaji sahani. Dereva akamgeukia mama: "Leo nakupigia mimi makofi." Akapiga kweli, kwa mikono yake mikubwa, mpaka wengine wakajiunga.

Alipotakiwa aseme neno kama mwakilishi wa chama, Msumari alimshika mama yake mkono. "Nina uso wa kuwashukuru nao," akasema. "Aliyeniachia uso huu ndiye huyu."

Kwenye ubao wa uwanja, chini ya sheria za Bwana Subiri, iko sasa sheria mpya iliyoandikwa kwa mkono wa fundi cherehani, herufi kubwa na zimepinda kidogo: CHOMA UZI WA UREFU. CHOMA NA WA MAPANA. HATA KAMA KITAMBAA NI CHA FUNDI UNAYEMWAMINI.

Aproni yenyewe anaivaa mpaka leo, imetoboka matundu ya duara kutoka kifuani mpaka magotini. Wateja humwambia, "Fundi mzima, hata huoni haya? Hebu yazibe hayo matundu." Yeye huikung'uta, akainyoosha vizuri tumboni ili matundu yote yaonekane, kisha hunyoosha mkono kuelekea kwenye kitambaa kipya mezani, na kuchomoa nyuzi mbili.