Firigisi ya Mzee Osiako

Mwalimu Cherop alikuwa na shida ya jikoni, akaipeleka darasani na kuiita somo. Ndivyo walivyo walimu, msiwaamini sana.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Jumapili ile baba mkwe wake, Mzee Osiako wa Musanda, angekuja kula kwake kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Siku ya harusi mzee huyo alisema mbele ya watu kwamba msichana ni mzuri, hana neno, ila Mkalenjin atajulia wapi kumwandalia mtu ingokho? Watu wakacheka. Cherop naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Kupika hiyo ingokho, yaani kuku, alijua. Asichojua ni kipande gani kinamwendea nani, na huku Khwisero, kwa Waluhya, ukikosea hapo utasemwa mpaka wajukuu wako wasikie. Alipomuuliza mumewe, Sammy, alijibiwa, "Wewe weka tu kwa sahani." Mume bure kabisa! Na kumuuliza mama mkwe? Afadhali afe.

Basi akaingia Gredi ya Nane, akagawa vishikwambi, akatangaza kwa uso mkavu: "Leo tunatafiti mtandaoni. Kuku wa mgeni wa heshima huandaliwaje kwa Waluhya? Na mkumbuke, hatumezi kila tunachosoma. Nani ameandika? Amejuaje? Anataka nini kwetu? Na nani mwingine anasema hivyo? Someni hadi mwisho ndipo mfungue mdomo."

Griffin, ambaye mdomo wake hutangulia macho siku zote, aliinua mkono wenzake wakiwa bado wanawasha. "Nimepata, Mwalimu! Imondo, yaani firigisi, hukatwa vipande, kila mtu akapewa chake. Iko hapa, na picha iko."

Darasa zima likaangua kicheko. "Imondo ikatwe? Mayoo!"

"Kucheka si ushahidi," Cherop akawakemea. "Mhojini mwandishi." Alisema hivyo ilhali yeye mwenyewe alikuwa tayari amejiona ameshika kisu, anaikata.

Nasambu, msichana mpole wa dawati la mbele, aliufungua ukurasa ule ule, akateremka nao hadi chini kabisa, kule ambako watu hawafikangi. "Mwalimu, aliyeandika ni mpishi wa hoteli, na mwishoni anauza sufuria. Halafu huyu kwa picha si kuku. Ni bata mzinga."

"Lakini kurasa zingine zinasema hivyo hivyo!" Griffin akajitetea.

"Neno kwa neno," Nasambu akamjibu. "Hawa si mashahidi wengi, Griffin. Ni mmoja amenakiliwa." Kisha akasoma mahojiano na bibi mmoja wa Mumias, na makala ya mtu mwingine kabisa asiyemjua bibi huyo. Wote wawili walikubaliana: imondo huwekewa mwanamume wa heshima, ikiwa nzima, na mpishi haionji.

Cherop aliandika mbio, mbio kuliko mwalimu anayejua jibu. Nasambu akamwangalia kwa upole wake ule ule.

"Mwalimu, kwani huyo mgeni anakuja lini?"

"Mgeni gani?"

"Jumapili," darasa likamjibia. "Utuletee ripoti."

Jumapili Mzee Osiako alifika amevaa koti, mkononi ana kitu kimefungwa kwa gazeti. Akaketi mbali na mkwe wake, kama mila inavyotaka. Cherop akaandaa obusuma, yaani ugali, akaandaa kuku, na juu yake imondo, nzima. Mzee akaitazama.

"Nani amekwambia?" mzee akauliza.

"Nilisoma, Baba. Na nikahakikisha."

"Hata mimi nilisoma," mzee akasema, na safari hii ni yeye aliyeona haya. Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na chupa ya maziwa mala, na humo ndani vipande vyeusi vinaelea. "Simu ilisema kwenu mtu wa maana anapewanga maziwa na makaa. Nikaweka."

"Makaa gani, Baba?"

"Si ya jiko? Bando iliisha kabla sijafika mwisho."

Sammy alitoka nje ghafla, eti mbwa anabweka. Cherop angeweza kueleza. Mursik, maziwa ya mgando ya kwao, hulala ndani ya kibuyu, na kibuyu husuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Hakuna anayetumbukiza makaa ya jiko. Somo zima lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini akamwona akilini mzee huyu na miwani yake, amekunja uso juu ya kisimu kidogo, anasoma habari za Wakalenjin kwa ajili ya mkwe wake. Akajimiminia glasi, akanywa yote. Makaa yakamlia menoni.

"Asante, Baba," akasema, na meno yake yalikuwa meusi tii.

Mzee Osiako alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza kucheka akachukua kisu, akaikata imondo katikati, akamwita Sammy. "Mpelekee binti yangu nusu yake."

Cherop akaila huku analia, wala hakujificha.

Jumatatu darasa lilikuwa limeshaketi kabla hajaingia, jambo lisilo la kawaida. "Enhe, Mwalimu? Imondo?"

Cherop akamtazama Griffin, ambaye wenzake walikuwa wakimwita Bata Mzinga tangu somo lile. "Aliikata," akasema.

"Nilisema mimi!" Griffin akaruka juu ya dawati.

"Shuka! Wewe uliamini picha."

Nasambu alikuwa ameshaifungua kalamu, hana haraka. "Hiyo umesema wewe, Mwalimu. Na nani mwingine anasema hivyo?"

"Baba yangu," Cherop akajibu. "Anakaa Musanda. Mkamuulize."