Diski Isiyoruhusiwa Kuguswa

Lavenda haisubiri mtu. Ukishaikata na jua la Julai likaipiga, lazima iingie kwenye mtungi wa mvuke siku hiyohiyo, la sivyo inaanza kuchemka yenyewe juu ya trela na kuharibika. Ndiyo maana Svilen aliponiambia tusimamishe kazi mpaka Septemba, nilidhani ananitania.

"Septemba sisi tunavuna zabibu, Svilen," nilimwambia kwenye simu.

"Dada Zhivka, mimi nakupa maagizo ya kampuni tu. Kompyuta yenu msiizime, msiiguse. Mafundi watakuja na mtambo mpya Septemba."

Svilen alikuwa wakala wa kampuni iliyotuuzia kompyuta inayoendesha kiwanda chetu kidogo cha kukamua mafuta ya lavenda, mimi na mume wangu Radko, nje kidogo ya mji wa Chirpan. Kompyuta ile ndiyo inayopima joto, ndiyo inayofungua na kufunga mvuke. Sasa kampuni ilikuwa imegundua kwamba diski iliyomo ndani yake ina kasoro. Kila diski ina programu yake ya ndani, ndogo, inayoiambia izunguke vipi na isome vipi, na hiyo ya kwetu ilikuwa mbovu: ukizima kompyuta, huenda diski isiamke tena. Sasisho la kuiponya lilikuwepo, lakini kampuni ililitoa kwa kompyuta mpya tu. Yetu, alisema Svilen, ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Na Alhamisi watu wa umeme walikuwa wanakata umeme eneo zima, wabadilishe nguzo.

Radko alizunguka Chirpan nzima akitafuta jenereta. Zote zilikuwa zimeshakodiwa na wenzetu. Moja tu ilibaki, nayo ilitosha kuwasha taa za harusini tu. Aliporudi alikaa juu ya ngazi, kofia mkononi.

"Tufungue mvuke kwa mkono," nikamwambia.

"Kwa mkono gani? Zile valvu za zamani nilizitoa mwenyewe nikaziuza chuma chakavu. Si tulisema tumeingia enzi mpya?"

Nikampigia simu shangazi yake, Temenuga.

Shangazi Temenuga alikuwa amestaafu, anaishi mji wa Stara Zagora peke yake na paka mkali kama yeye. Ujana wake wote aliumaliza akiwa mhandisi katika kiwanda cha diski cha pale, enzi ambazo diski zetu zilipakiwa kwenye treni kwenda mpaka Vladivostok. Kiwanda kilipoanguka, wenzake wengine walikwenda kuuza sigara sokoni, wengine wakahamia Ujerumani. Yeye alifundisha hesabu shuleni na hakumsamehe mtu yeyote.

Alishuka kwenye basi na mfuko wa nyanya na kompyuta yake ndogo kwapani. Hakutaka hata kahawa.

"Nani kasema isiguswe?"

"Kampuni, Shangazi."

"Kampuni iliizaa?"

Alianza kwa kunakili kila kilichokuwemo kwenye diski, kompyuta ikiendelea kufanya kazi, kwa sababu, alisema, mjinga tu ndiye anayempasua mgonjwa kabla hajampima damu. Lakini nakala ile isingeweza kutuokoa. Programu ya mvuke ilikuwa imefungwa kwenye diski ileile. Ukiihamishia nyingine inagoma, kama ng'ombe aliyezoea mkono wa mtu mmoja.

Kisha akatafuta sasisho kwa watengenezaji wa diski wenyewe, maana kampuni ya kompyuta haikutengeneza diski. Ilinunua na kubandika chapa yake juu. Sasisho likaisoma ile chapa, likajibu: diski hii si yetu. Akachukua lile la kampuni, la kompyuta mpya. Likajibu: kompyuta hii haihusiki.

Shangazi akaegemea nyuma, akawasha sigara.

"Umeona ujinga huu? Baba anasema mtoto si wangu. Mjomba anasema mtoto ni wetu, lakini si wa nyumba hii. Na mtoto anaumwa!"

"Basi tuachane nayo," Radko akasema. "Shangazi, ukiweka kitu kisicho chake si utaiua?"

"Nikiweka kisicho chake, ndiyo. Kwa hiyo nitahakikisha ni chake. Jirani yenu gani ana kompyuta mpya?"

Alikuwepo Dencho, mkaidi mmoja mwenye kiwanda kama chetu upande wa pili wa barabara. Yeye alishapewa sasisho na alikuwa na diski ya akiba kabatini. Shangazi alivuka kwenda kwake, akaigeuza diski hiyo chini ya mwanga, akaibandua ile karatasi ya chapa kwa ukucha, akasoma maandishi ya chini yake, kisha akasoma ya kwetu kutoka kwenye skrini. Herufi kwa herufi, ilikuwa diski moja.

"Ni pacha," alisema. "Dawa ni yao wote wawili. Aliyekataa ni bawabu tu, mlangoni."

Dencho akacheka. "Na bawabu unamfanyaje, Bi Temenuga?"

"Unapita dirishani."

Aliporudi alilifungua lile sasisho la kampuni, akalitoa faili lililokuwa ndani, lile la diski yenyewe, akamwacha bawabu, ile sehemu inayokagua kompyuta, nje. Kisha akatafuta njia ya kulipeleka moja kwa moja kwenye diski. Kabla hajabonyeza alinitazama.

"Zhivka, kiwanda ni chako. Umeme ukikatika katikati ya hii, au nikikosea, diski imekufa. Useme mwenyewe."

Nje matrela mawili yalikuwa yanasubiri zamu, na wakulima wamekaa kivulini wanakula jibini na mkate, wanatuamini. Nilimfikiria Svilen na Septemba yake. Nilihisi hasira, hasira safi, ya aina inayomnyoosha mtu mgongo.

"Bonyeza," nikasema.

Mstari ulijaa kwenye skrini, ukaandika kwamba imekamilika. Radko akashusha pumzi.

"Bado," Shangazi akasema. "Lazima izimwe ndipo ianze maisha mapya. Na tutaizima sisi. Siwezi kukaa hapa kama mateka nikisubiri watu wa nguzo waniamulie."

Tuliupoza mvuke, mitungi ikatulia, akaizima. Ukimya ule sijapata kuusikia Julai yoyote. Akaiwasha.

Skrini ikasema: hakuna diski.

Radko alifunika uso kwa kofia. Mimi nikashika meza. Wakulima walikuwa wamesogea mlangoni na mmoja wao akafanya ishara ya msalaba.

"Nani kafa hapa?" Shangazi akawafokea. "Msalaba wa nini? Tokeni kwenye mwanga wangu!"

Akachomoa waya wa umeme ukutani kabisa, kwenye kompyuta na kwenye diski. Alisimama nao mkononi, akivuta sigara taratibu mpaka ikaisha, kama mtu anayesubiri basi. Kisha akaurudisha na kuwasha.

Tukasikia diski inaanza kuzunguka. Mlio mwembamba, unapanda. Halafu picha ya mitungi yetu ikajitokeza kwenye skrini, na vipimo vya joto, na kila kitu mahali pake.

Nilimkumbatia. Alikakamaa mikononi mwangu kama ubao, hakuzoea. "Haya, haya. Lavenda inaoza."

Alhamisi umeme ulikatwa asubuhi, ukarudi mchana. Tuliwasha na kuendelea na kazi.

Ijumaa Svilen alikuja mwenyewe, amevaa shati jeupe, akasimama mbele ya kompyuta akiikodolea macho.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Shangazi akasema, mdomo umejaa banitsa, andazi letu la jibini.

"Mama, hili ni kosa. Sasisho hili halijaidhinishwa kwa mtambo huu."

"Mimi si mama yako. Mimi ni mhandisi. Niambie kitaalamu: diski ya hapa na ya Dencho zinatofautiana wapi?"

Svilen aliangalia sakafu. "Hazitofautiani. Lakini utaratibu..."

"Mnajua, na mliwaambia wasubiri mpaka Septemba."

"Kampuni itasitisha huduma zake hapa. Na mkimpa mtu mwingine faili hilo, wanasheria watawatafuta."

"Wasihangaike kutafuta. Temenuga Karaslavova, Stara Zagora, karibu na jumba la opera. Waje na kitu cha kula, mimi sipikii wageni."

Na kweli, tangu siku hiyo kampuni haijapokea simu zetu. Lakini siku ile Svilen aliporudi kwenye gari lake, alikaa kidogo bila kuwasha, kisha akanishushia kioo.

"Dada Zhivka, kuna watu wa kijiji cha Bratya Daskalovi wana kompyuta kama yenu. Wamesimamisha kazi tangu Jumatatu. Mimi sijakwambia kitu."

Niliporudi ndani Shangazi alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa amesikia yote dirishani.

"Radko!" aliita. "Toa gari."